Kifundo cha Kulia

Nesi alimnyoa mguu wa kulia kwa wembe mkavu, akamwachia michirizi ya damu, akahamia kitanda kingine. Fundi cherehani akaifuta kwa ncha ya shuka. Mguu wa kushoto ulipooza tangu utotoni, mwembamba kama ufito. Huu wa kulia ndio uliobeba kila kitu, mpaka kifundo kikasagika.

"Zamu yako leo?" aliuliza mwezekaji mabati wa kitanda cha jirani.

"Leo. Daktari kasema maumivu kwisha habari yake."

Mwezekaji akacheka, cheko baya. Akatoa mguu wake nje ya shuka. "Haya, sukuma hapo."

Fundi akasukuma wayo. Akakaza. Kama anasukuma ukuta.

"Wamekipiga skrubu. Hakiumi, kweli. Na hakikunjiki mpaka kaburini. Mimi nilijua wanasafisha tu. Sasa ngazi za watu nitapandaje?"

"Na mimi ndiyo hivyo hivyo?"

"Hukuuliza?"

"Nimuulize saa ngapi? Kaja mbio, kaondoka mbio."

"Uliza, ndugu yangu. Ukishalala pale, wewe ni nyama buchani."

Chumba cha upasuaji kilikuwa baridi. Daktari aliingia na wanafunzi watatu.

"Shikamoo, daktari. Samahani, kifundo kitakunjika?"

"Unataka maumivu yaishe au hutaki?"

"Nataka. Ila cherehani nakanyaga kwa mguu huu. Mwenzake ni pambo tu."

"Mzee, watu wanashona kwa mikono." Wanafunzi wakacheka.

"Naomba nijue tu, mkuu. Kama mnakifunga kabisa, bora nirudi na maumivu yangu."

"Nikishafungua ndiyo nitajua. Unataka kunifundisha kazi? Haya, inama."

Sindano ikaingia mgongoni. Joto likashuka mapajani, likafuatwa na ganzi. Walipomlaza, fundi akaanza kukanyaga hewa chini ya shuka, haraka haraka, kana kwamba bibi harusi anasubiri gauni lake mlangoni. Juu, chini. Juu, chini.

"Usiogope, baba," alisema nesi. "Umetulia vizuri."

Lakini yeye alikuwa bado anakanyaga. Akainua kichwa. Shuka halikutikisika hata kidogo.

Nesi akavuta pazia la kijani kifuani pake. Ng'ambo, vyuma viligongana kwenye sinia.

"Nani hajawahi kupasua kifundo?" daktari aliuliza.

Kwenye pazia, vivuli vya mikono mitatu vikanyanyuka.