Mpita Njia kwenye Kikosi cha Msumari

Nesi, mteja wangu, aliniuliza kama ule mchezo wa anga ninaoucheza kwenye simu unaweza kumfaa mtu kama yeye, mwenye nafasi ya kuchungulia simu anaposubiri chai ichemke tu. Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili. Nilimwambia haumfai yeye, haunifai mimi, haumfai mtu yeyote mwenye kazi, mume na sufuria jikoni. Kisha nikageuka kuangalia simu yangu iliyoegemea kioo cha saluni, maana vita ya humo ilikuwa karibu kuanza na kichwa chake nilikuwa nimekisuka nusu.

"Sasa wewe unaucheza wa nini?" akauliza.

"Tulia nikusuke."

Jibu nilikuwa nalo, ila si la kumpa mteja. Mwanangu wa kwanza aliondoka nyumbani baada ya kugombana na baba yake. Baba yake ni seremala, alitaka kijana arithi karakana. Kijana akasema randa haimtaki na yeye haitaki. Maneno yakapanda, mpaka mume wangu akatamka lile ambalo wanaume hulitamka wakidhani ni la kupita tu: ukitoka, usirudi. Akatoka. Akabadilisha namba. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi ni mama, nilitafuta kitambaa.

Binti yangu ndiye aliyenipa fununu. Kaka yake hakujibu ujumbe wa mtu, ila jioni alionekana kwenye mchezo mmoja ambamo watu wa kila pembe ya dunia wanarusha vyombo angani pamoja. Humo anajiita Msumari, na ni kiongozi wa kikosi. Nikamwambia aniwekee kwenye simu.

"Mama, utachoka siku ya kwanza."

"Nimekulea wewe na sijachoka. Weka."

Nikajiita Mpita Njia, nikaomba kuingia kikosini, wakanipokea. Wenzangu huzungumza kwa vipaza sauti. Mimi huandika tu, kwa sababu nikifungua mdomo atanijua, na akinijua atakimbia tena. Kazi yangu kubwa ni kusikiliza. Namsikia akicheka, akikohoa, akimkaripia mtu aliyemaliza mafuta ovyo. Nyumbani hakuwa na subira hata ya kufunga kamba za viatu. Huko angani ana subira mpaka inanitia wivu. "Mpita Njia, usikimbilie mawe makubwa," huniambia. "Chimba haya madogo, haba na haba." Methali hiyo nilimlisha mimi, pamoja na uji.

Mwanzoni mchezo una raha yake, sikatai. Unachimba mawe, unatazama nyota, humkosei mtu. Ila ukishaingia kikosini umeajiriwa bila mshahara. Ukizima simu, chombo chako hakilali. Kinabaki palepale ulipokiacha, na kila apitaye anajichotea. Mteja akiingia nakiacha kinaelea, nikirudi nakuta mabati matupu. Wakubwa wa kikosi wakaanza kunung'unika kwamba Mpita Njia ni mzigo, anawalisha maadui. Msumari akanitetea, akanitetea tena, halafu akaniambia kwa upole ulioniuma kuliko matusi: Jumamosi mchana tunavamiwa, na asiyekuwepo kulinda kituo atatolewa. Akinitoa, sauti yake ndiyo basi.

Na Jumamosi mchana ndipo watu wote hukumbuka kwamba wana nywele.

Nilijaribu kumbembeleza Nesi aje siku nyingine. Akasema kesho ana zamu, na wagonjwa wana mshtuko wa kutosha, wasiongezewe wa nywele zake. Basi nikachomeka kisikilizio sikio moja, nikaanza kusuka.

"Mpita Njia, linda mlango wa kituo," sauti yake ikasema.

Nikaweka kidole kwenye simu. Kidole kilikuwa na mafuta ya nywele, simu ikakataa. Nikakifuta kwenye aproni, nikabonyeza tena, chombo kikaenda upande wa adui. Nikarudi kichwani, nikafunga rasta moja, nikarudi kwenye simu. Sikuwa huku wala kule. Nesi naye alikuwa anageuka kila mara kutazama nani anashinda.

"Kulia, Mpita Njia. Kulia kwako."

Nikabonyeza popote. Nesi akageuka tena, rasta ikaniponyoka, na hapo uzalendo ukanishinda.

"Inamisha kichwa," nikamfokea. "Ukikaa mikononi mwangu kichwa si chako, ni changu. Mtu mzima unageukageuka kama una upupu shingoni."

Vicheko vikalipuka sikioni mwangu. Mtu mmoja akauliza nani huyo anachezea kwa mama yake. Nikatazama simu. Kitufe cha kipaza sauti, ambacho sikuwahi kukigusa, kilikuwa kinawaka kijani, na juu yake kuna alama ya kidole changu cha mafuta.

Msumari hakucheka. Maneno yale aliyasikia utoto wake wote, kichwa chake kikiwa katikati ya magoti yangu nikimnyoa. Wenzake wakaanza kumwita: Msumari, toa amri, wanaingia. Mlango wa kituo ukavunjwa, vyombo vyetu vikazimika kimoja baada ya kingine, na mimi nimesimama na kitana mkononi, siwezi kusema wala kuzima.

Kisha maandishi yakatokea: Msumari amekuondoa kwenye kikosi. Sauti zote zikakatika.

Nililia. Nesi akainuka na kichwa chake nusu, akanikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipa pole bila kujua ni ya nini. Nikamwambia nimempoteza mwanangu mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Akadhani nina msiba, akaanza kunipima mapigo ya moyo.

Simu ikaita. Namba ngeni. Nesi ndiye aliyepokea, maana vidole vyangu simu ilikuwa haivitaki, akachomoa kisikilizio, akaniwekea simu sikioni.

"Mama," akasema. "Mchezo ule haukufai."

"Najua."

"Unaibiwa tangu siku ya kwanza. Hata kugeuza chombo hujui."

"Najua, mwanangu. Na kituo chenu?"

"Kimeanguka. Waache wapige kelele." Akazima sauti za wenzake. "Sasa humo ulikuwa unafuata nini?"

"Nilikuwa nakusikiliza."

Nilimsikia akivuta pumzi kwa pua, kama afanyavyo akizuia kilio, nikaogopa kwamba nikiongeza neno atakata. Nesi akaishikilia simu bila kuuliza swali, na kwake hiyo si kazi ndogo.

"Una mteja hapo?" akauliza.

"Ninaye. Kichwa kiko nusu."

"Basi msuke, Mama. Usikate simu."