Chini ya Rangi ya Buluu

Trekta ilizimika saa nne asubuhi, katikati ya shamba, siku ya tatu tangu Jepkemboi ainunue. Ilitoa moshi mweupe, ikatetemeka, ikanyamaza. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata akawasikia kuku wake wakiparua nyuma ya jiko. Nyuma ya trekta udongo mwekundu ulikuwa umepinduliwa mpaka uani. Mbele yake yalisimama mabua makavu ya mahindi ya mwaka uliopita, ekari nane na zaidi, ambayo hayajaguswa.

Alishuka. Alikuwa amevaa gambuti za marehemu mume wake, soksi mbili kila mguu ili zisimtoke. Akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa pindo la leso na kukichovya tena. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Alijua maana yake. Mume wake, Kipngetich, alikuwa dereva wa trekta kwa miaka kumi na saba katika shamba la ngano la tajiri mmoja upande wa Moiben. Siku za Jumapili, tajiri akiwa mjini, Kipngetich alikuwa akimpandisha mkewe kwenye kiti na kumfundisha: klachi hivi, gia hivi, plau unaiteremsha polepole. Alimfundisha pia kunusa na kusikiliza. Oili ikigeuka rangi namna hii, alimwambia, maji yameingia ndani ya injini, na mtu akikwambia hicho ni kitu kidogo, huyo anakudanganya.

Kipngetich alikufa kwa ugonjwa wa kifua mwaka wa themanini na sita. Tangu hapo Jepkemboi alikuwa akikodi trekta za watu, na kila msimu zilimfikia mwisho, wakubwa wakishalimiwa, mvua ikiwa imekwisha kupita nusu. Mahindi yake yalitoka mafupi na ya manjano. Ndiyo maana mwezi huo wa Machi, mwaka wa themanini na nane, aliuza ng'ombe watano kati ya sita ili apate trekta yake. Alitaka kulima mapema mara moja tu, alime na mashamba ya majirani kwa malipo, na Jeruto, binti yake aliyekuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, amalize masomo.

Aliketi mtaroni, mgongo kwenye gurudumu. Majirani waliokuwa wamekuja kumtazama mwanamke akilima kwa trekta waliondoka mmoja mmoja bila kuaga.

*

Fundi Wepukhulu alikuja kwa baiskeli kutoka Langas, spana zake ndani ya gunia. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, mwenye mazoea ya kuzungumza na chuma kuliko na wenye chuma. Alifanya kazi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kisha akamwita.

"Mama, kuja uone."

Alimwonyesha ubavu wa injini. Palikuwa na ufa mrefu kama kidole cha kati, uliozibwa kwa gundi ya chuma na kupakwa rangi juu yake. Gundi ilikuwa imebanduka kwa joto. Kisha akamwonyesha karai alimomwagia oili ya gia. Ndani yake mlielea uji mzito wa kahawia. Jepkemboi aliutia vidole, akausugua.

"Ni nini hii?"

"Unga wa mbao. Wanaweka ndani ya giaboksi ndio meno yaliyokwisha yasipige kelele. Ukisikia inatembea pole, unafikiri ni nzima." Wepukhulu alijifuta mikono muda mrefu. "Haikuharibikia kwako, mama. Ulinunua ikiwa imekufa."

"Inaweza kutengenezwa?"

"Kila kitu kinaweza kutengenezwa. Lakini hiyo pesa yake ni ya kununua ingine."

Wepukhulu, labda kwa kuona haya kumwacha hivyo, alichukua kitambaa chenye petroli akaanza kusugua bati la juu ya gurudumu la nyuma, akitafuta namba ya trekta ili aulizie spea mjini. Rangi ya buluu ilitoka kwa urahisi, kama masizi kwenye sufuria. Chini yake palikuwa na nyekundu. Juu ya nyekundu palikuwa na herufi nyeupe.

Jepkemboi alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Alizisoma mwenyewe, akifuata kwa kidole: USHIRIKA WA WAKULIMA KAPCHEMELI.

Wepukhulu aliacha kusugua.

Trekta ya ushirika. Mwaka wa sabini na tisa kila mwenye ng'ombe Kapchemeli alikatwa pesa ya maziwa kwa miezi kumi na minne ili inunuliwe. Kipngetich na yeye walikatwa. Mwaka wa ukame mkubwa, mwaka wa themanini na nne, ghala la ushirika liliungua, na wakulima waliitwa mkutanoni wakaambiwa trekta iliungulia humo humo. Mwenyekiti, Nicholas, alisimama mbele yao akajipangusa macho kwa leso, na wanawake wengine walilia kwa kumwona mwanamume mzima akilia.

Na ni Nicholas huyo huyo aliyemuuzia hii, kwa ng'ombe wale watano. Mwenyewe, nyumbani kwake, ndani ya banda. "Nimekatalia watu wengi, Mama Jeruto," alimwambia. "Nakupa wewe kwa sababu ya marehemu." Walishikana mikono. Karatasi hakumwandikia. Na nani angemdai mwenyekiti karatasi?

"Fundi," Jepkemboi alisema, "utakubali kusema ulichoona?"

Wepukhulu alitazama zile herufi, kisha barabara, kisha zile herufi tena.

"Nitasema," alisema.

*

Kwa siku tatu Jepkemboi alikalia benchi nje ya ofisi ya D.O., afisa wa tarafa. Askari wa mlangoni aliuliza kwanza kadi ya chama tawala, ndipo akauliza shida. Siku ya nne akaitwa ndani. D.O. alikuwa kijana, aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine, mwenye shati jeupe na kalamu mbili mfukoni. Picha ya Rais ilimtazama Jepkemboi kutoka juu ya kichwa chake.

Alieleza yote. Alikuwa amejipanga, usiku na mchana, asipoteze neno. D.O. aliandika mistari miwili, akaacha.

"Mama, unajua unachosema ni kitu serious?"

"Najua, Bwana D.O."

"Unamsema mwenyekiti wa ushirika. Ambaye pia ni mwenyekiti wa tawi la chama. Ukimsema yeye, unasema chama."

"Mimi nasema trekta."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Nicholas aliingia, kofia mkononi, akavuta kiti kama mtu aliye kwake. Alikuwa mnene kidogo, mwenye sauti laini. Hakuna aliyeshangaa kumwona ila Jepkemboi.

"Mama Jeruto. Umekunywa chai?"

"Sijakunywa."

"Hawa vijana hawajui kukaribisha wazazi." Alicheka. D.O. naye akacheka. "Nimesikia una shida na ile trekta. Si ungekuja nyumbani? Tumekuwa wageni?"

"Mwenyekiti, ile trekta ni ya ushirika."

"Ya ushirika iliungua. Kuna ripoti. Polisi waliandika, wakaguzi wakaandika. Ama si hivyo, D.O.?"

"Iko kwa faili," alisema D.O.

"Basi." Nicholas aliweka kofia juu ya goti, akainyoosha ukingo. "Sasa kama mtu ana trekta ya ushirika uani kwake, na hiyo trekta serikali inajua iliungua, swali linakuwa moja. Huyo mtu aliitoa wapi?"

"Uliniuzia wewe. Ng'ombe zangu zilikuja kwako. Mbili bado ziko kwako, naziona nikipita."

"Nilinunua ng'ombe kwako, ndiyo. Trekta, una karatasi yangu?"

Nje mashine ya kupiga chapa iligonga, ikanyamaza, ikagonga tena.

"Mimi nakuonea huruma," Nicholas alisema, na uso wake ulionyesha huruma kweli. Hilo ndilo lililomtisha Jepkemboi kuliko yote. "Wewe ni mjane. Fundi fulani wa kutoka huko kwao amekujaza maneno. Nenda nyumbani. Hii kitu tutaimaliza sisi wenyewe, pole pole, bila kuaibisha mtu."

D.O. alifunga faili, akaiweka chini ya nyingine.

*

Waliimaliza siku ya Ijumaa. Lori la polisi lilikuja na mnyororo, likaivuta trekta juu ya udongo ambao Jepkemboi aliulima mwenyewe, na koplo akamwekea karatasi iliyoandikwa kwamba ameisalimisha mali ya wizi kwa hiari. Kwa vile ni hiari, koplo alimweleza, hatafungwa. Jepkemboi aliomba aisome kwanza. Koplo alimwambia mvua inakuja na yeye hana siku nzima. Akatia sahihi.

Jumamosi alikwenda Langas kumtafuta Wepukhulu. Kibanda chake cha mabati kando ya barabara kilikuwa kimebomolewa. Spana hazikuwepo, baiskeli haikuwepo. Alimkuta mke wake, Maximilla, chumbani, akifunga vyombo ndani ya shuka.

"Fundi yuko?"

"Ametangulia Bungoma." Maximilla hakuacha kufunga. "Walikuja vijana wa chama Jumatano, wakiwa sita. Walimuuliza yeye ni nani wa kusoma maandishi ya watu. Sasa hawezi kufunga mdomo sawasawa. Anakunywa uji kwa mrija."

"Maximilla, dada yangu..."

"Hakukulaumu. Alisema nikuambie hakukulaumu." Alivuta fundo la shuka kwa meno, akalikaza. "Mimi nakulaumu. Ukitoka, rudisha mlango."

Jepkemboi alirudisha mlango.

*

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, nzuri, ya kutosha, mvua ambayo angeiomba. Alilima kwa jembe ile sehemu ambayo haikuguswa, akianzia pale trekta ilipozimikia. Jeruto alifunga shule mwezi wa Aprili, akabaki. Mei wenzake waliporudi hakuuliza kwa nini yeye harudi. Aliokota jembe la pili, akaanza upande wa pili wa mstari. Walikuwa wakikutana katikati, wananyoosha migongo, wanaachana tena. Mpaka wakati wa kupanda ulipopita kabisa walikuwa wamepata ekari moja na kipande, pamoja na kile kilicholimwa na trekta.

Mwisho wa Mei naibu wa chifu alipita nyumba kwa nyumba. Kutakuwa na sherehe ya ushirika kwenye uwanja wa shule ya msingi, na mgeni wa heshima kutoka Nairobi. Kikundi cha kina mama kitaimba. Asiyefika jina lake litaandikwa. Alipofika kwa Jepkemboi alitazama pembeni, akasema, "Wewe hasa, Mama Jeruto, ufike. Ni kwa faida yako."

Alifika. Alivaa kitambaa cha kijani kama wenzake, akasimama mstari wa mbele kwa sababu alikuwa mrefu na kiongozi wa kikundi alimtaka hapo. Kulikuwa kumenyesha tangu alfajiri. Mgeni alihutubia chini ya turubai. Wananchi walimsikiliza chini ya mvua. Kisha Nicholas akachukua kipaza sauti. Alikumbusha watu moto wa mwaka wa ukame, na namna ushirika ulivyobaki mikono mitupu. Alisema mchungaji mwema hawezi kulala kondoo wake wakiwa na njaa. Kwa hiyo, kwa mfuko wake mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu yeyote, amewanunulia wakulima wa Kapchemeli trekta.

Ikatokea nyuma ya madarasa. Ilikuwa ya kijani sasa, ikitoa moshi ule ule mweupe, ikiwa na utepe mweupe puani na majani ya migomba kwenye taa. Watu walipiga kelele za furaha, na wengi wao furaha yao ilikuwa ya kweli. Wazee wawili waliokuwa wamekatwa maziwa pamoja na Kipngetich waliinua bakora zao juu. Mmoja wao alitazama upande wa Jepkemboi, kisha akaishusha bakora, kisha, naibu wa chifu alipopita, akaiinua tena.

Hatua thelathini kutoka kwenye turubai magurudumu ya nyuma yalizama. Dereva aliongeza moto. Trekta ilijichimbia zaidi, ikakaa upande, ikitoa moshi. Mgeni wa heshima alitazama saa yake.

"Kina mama!" Nicholas aliita kwenye kipaza sauti, akicheka, akigeuza jambo kuwa mchezo. "Hii ni trekta yenu. Mtaiacha ilale hapo? Harambee!"

"Hee!" umati ukajibu.

Wanawake wa mstari wa mbele waliinua sketi zao kidogo, wakaingia matopeni wakicheka. Jepkemboi alikwenda nao. Alipata nafasi katikati, kati ya Mama Chebet na mke wa mwalimu, akaweka viganja kwenye bati la nyuma. Lilikuwa na joto. Rangi ilikuwa bado mbichi, ikamshika vidoleni.

"Harambee!"

"Hee!"

Wakasukuma. Magurudumu yalizunguka mahali pale pale, yakawarushia tope mapajani, vifuani, midomoni. Kiongozi wa kikundi akaanzisha wimbo wa kumshukuru mwenyekiti, nao wakauitikia wakisukuma, na Jepkemboi akauitikia, kwa kuwa naibu wa chifu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni.

Mpiga picha wa habari alikuja mbio, suruali imekunjwa magotini. Akachuchumaa, akapima, akatikisa kichwa. Hivi nyuso hazionekani, alisema. Waendelee kusukuma, wasiache, ila waangalie huku. Na yule mama mrefu wa katikati atabasamu.

Jepkemboi akainua uso.