Karatasi Arobaini za Ijumaa

Thobias aliacha chuo mwaka wa pili, akarudi Shinyanga na mzaha mmoja uliomnogea kuliko yote. Alimpangia rafiki yake Herman wa Geita jaribio la kusoma mawazo. Kila Ijumaa saa nne asubuhi Herman achore kitu chochote. Thobias naye, huku Shinyanga, akae aandike kinachomjia kichwani. Karatasi zisipostiwe mpaka zitimie arobaini, wasije wakaibiana.

Thobias hakukaa hata mara moja. Alasiri moja alijaza karatasi za wote wawili, akapachika majibu sahihi thelathini na moja, akatuma makala kwenye jarida la Ulaya la mambo hayo. Alitaka wasomi wale waingie mkenge, acheke. Jarida likajibu kwamba litachapa, ila lione kwanza karatasi zenyewe, zimesainiwa na wote wawili. Hapo mzaha ukageuka uchu. Jina lake kwenye jarida, naye digrii hana. Akapanda basi la Geita.

Mgodi alikofanya kazi Herman ulikuwa umefungwa. Herman alibaki peke yake, analinda mitambo.

"Mwangaluka, profesa," alimsalimia, kwa Kisukuma chake cha kuokota. Akavuta kopo la maziwa lililojaa karatasi kutoka uvunguni. "Zote hizi. Hakuna Ijumaa niliyoruka. Wenzangu walipokuwepo waliniita mchawi."

Kuku. Beleshi. Mama yake Herman, kichwa kama boga. Kila karatasi na tarehe yake.

"Tumepatia ngapi?"

Zile za kughushi zilikuwa mfukoni mwa Thobias, zinangoja saini tu.

"Siku nyingine nilikuwa najua kabisa kwamba upo," Herman aliendelea. "Nakusalimia kwanza, halafu nachora."

"Herman. Sikukaa."

"Ijumaa ipi?"

"Zote."

"Hata ile ya mvua ya mawe?"

"Hata ile."

Herman akazipanga karatasi upya, tarehe kwa tarehe, akafunga kopo.

"Basi la kurudi ni saa saba," alisema. "Usichelewe."

Thobias aliliandikia jarida kwamba makala ile ni uongo mtupu. Ijumaa iliyofuata, saa nne kasoro, alikaa mezani na penseli. Hakikumjia kitu. Hakujua kama kule kuna mtu anachora. Saa tano akaandika tarehe, na chini yake: hakuna.

"Habari za leo, Herman," alisema kwa sauti, chumba kitupu, akaendelea kukaa.