Kizingiti cha Kina Tolan

Asubuhi ile Fidelma alikuwa jikoni kwao anapaka siagi mikate ya kupeleka ukumbi wa parokia, huku midomo inacheza bila sauti. Alikuwa anarudia hadithi yake. Mchana vijana watatu wangesimulia historia mbele ya wageni na wanakijiji, na atakayewashinda wenzake angepata kazi ya likizo kwenye jumba la historia la kijiji chao, Kilvarna. Fidelma, ambaye hata dukani huongea akiangalia viatu vyake, aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamkimbia.

"Ukifika pale uinue kichwa," mama yake alimwambia. "Watu hawaji kuona utosi wako."

Hadithi ilikuwa ya njaa kuu ya enzi za mababu, wakati viazi vilioza ardhini, watu wakashindwa kulipa kodi, na mwenye ardhi akatuma wanaume na mitaimbo wabomoe nyumba zao. Zamu yake ilipofika pale ukumbini, Fidelma akaisimulia kama anasoma risiti. Wageni, Wamarekani basi zima, wakaanza kuchungulia simu. Mmoja alipiga mwayo bila hata kuziba mdomo. Na kijana aliyetangulia alikuwa amewaliza.

Hapo akakumbuka lile jiwe. Orlagh Tolan, rafiki yake tangu chekechea, ndiye aliyemwonyesha, wakiwa wawili tu kwenye zizi la ng'ombe la kwao, baada ya kumwapisha kwamba hatamwambia mtu.

"Waliobomoa hawakutoka mbali," Fidelma akasema, na safari hii kichwa kikainuka chenyewe.

Akawaambia walikuwa watu wa hapa hapa, wanalipwa kwa siku. Kwamba mmoja wao aliibomoa nyumba ya jirani yake, watoto wamesimama kwenye mvua wanamtazama, halafu kesho yake akarudi na mkokoteni kuchukua jiwe la kizingiti, kwa sababu lilikuwa jiwe zuri.

"Lipo mpaka leo, mlangoni mwa zizi la ukoo wa huyo aliyelichukua. Na bibi wa ukoo huo hajawahi kulikanyaga. Kila akienda kukamua, analiruka."

Jina hakulitaja. Alijiambia hivyo akiwa bado anaongea: jina sijataja.

Wageni walisimama wakapiga makofi, mama mmoja anajifuta machozi. Wanakijiji mikono yao ilibaki mapajani. Kilvarna nzima ilikuwa imemwona Bibi Nonie Tolan, bibi yake Orlagh, akiruka pale na ndoo zake, miaka nenda miaka rudi.

"Kumbe," alisema Packy Ruane, mzee asiyejua kunong'ona, "na sisi tukadhani ni magoti."

Kuna waliocheka. Bibi Nonie alikuwa mstari wa mbele. Akainuka, akaweka sahani yake ya keki juu ya kiti, akaenda zake mlangoni. Mlango wa ukumbi una kizingiti cha mbao, kidogo tu, na watu waliomjua maisha yao yote wakageuka kumwangalia miguu. Alipofika pale alisimama. Alisimama tu, kama mtu aliyesahau watu wanavyotembea, mpaka Orlagh akaja akamshika mkono wakavuka pamoja.

Fidelma akawafuata nje mbio, mvua inanyesha.

"Orlagh, sikutaja jina."

"Ndiyo, hukutaja." Orlagh alikuwa anamfunga bibi yake vifungo vya koti, wala hakugeuka. "Umesimulia vizuri, Fidelma. Wamekupenda sana."

Kazi alipewa yeye. Bi Mulhern wa jumba la historia alimwambia aisimulie vilevile kila Jumamosi, asipunguze neno, hasa pale bibi anaporuka. Fidelma akasema asante. Aliisema kabla hajafikiri, na baada ya kufikiri hakuirudisha.

Jioni alimwandikia Orlagh ujumbe mrefu wa kuomba msamaha, akaufuta. Akaandika mwingine, nao akaufuta, maana kila alichoandika kilikuwa kinamtetea yeye mwenyewe. Mwisho akatuma huu: "Ukiniambia niikatae kazi, nitaikataa."

Alama mbili zikageuka buluu palepale. Orlagh ameusoma.

Jumapili hakuna jibu. Katikati ya wiki hakuna. Jumamosi basi la kwanza likaingia, wageni wakashuka wanakunjua miavuli, na Fidelma akaangalia simu kwa mara ya mwisho. Hakuna. Bi Mulhern akamwita.