Kasri Ndani ya Beseni

Bi Dolat alikuwa mtu wa usafi mpaka kero. Mgeni haingii kwake ila sakafu imeng'aa na vikombe vimepanguswa mara mbili. Usafi huohuo, jamani, ndio uliomponza.

Chini ya kitanda chake, ndani ya sanduku la mninga, alihifadhi kioo chenye picha. Zamani hizo za kamera ya miguu mitatu, picha ilinasa kwenye dawa iliyopakwa juu ya kioo. Kamrudin, babu wa marehemu mumewe, ndiye aliyeipiga: kasri la Mwinyimvua, papa hapa Bagamoyo, na roshani zake, na matao, na mlango wa nakshi tupu. Picha nyingine ya kasri lile haikuwapo duniani. Mvua za mwaka jana zikaliangusha, na wajukuu wa Mwinyimvua walipoamua kulijenga upya, ubao wa nakshi wa juu ya mlango haukuonekana kwenye kifusi. Salumu, fundi wa nakshi, akaja kumwomba Bi Dolat. Miaka arobaini alikuwa akiwanyima watu. Safari hii akakubali: aje Jumamosi alasiri na simu yake, aipige picha ile.

Jumamosi asubuhi akakitoa kioo. Koga! Madoa meupe yametapakaa kila mahali. Marehemu mumewe alimwambia kifutwe kwa brashi kavu, basi. Lakini yeye, Dolat, amkabidhi mgeni kitu kina koga, watu waseme nini? Akatia maji ya moto kwenye beseni, na sabuni kidogo, akakilaza humo kama sahani.

Alikwenda kuchukua kitambaa tu. Aliporudi, kasri lilikuwa linajikunja kama utando wa maziwa, linaachana na kioo taratibu, roshani kwanza, kisha matao. Akatia mkono alizuie. Mlango ukamganda kidoleni, ukakatika. Akabaki ameinama juu ya beseni, hana la kufanya. Apige kelele, amwite nani?

Salumu alipobisha hodi alimkuta ameketi uani kando ya beseni, kioo kitupu mapajani.

"Shikamoo, Bi Dolat."

"Marahaba, mwanangu. Nimekiosha."

Fundi akalitazama beseni, asimlaumu. Akavuta kigoda, akatoa daftari na penseli.

"Basi mama, wewe umekaa nacho miaka arobaini. Nieleze tu. Juu ya mlango palikuwa na nini?"

Bi Dolat akafumba macho. Akaliona sanduku. Akakiona kitambaa cheupe alichokuwa akikizungushia kioo kila Idi, na ufunguo aliouficha kwenye kopo la iliki. Mlango akautafuta, wapi! Alikuwa amekilinda kioo miaka yote ile, kukitazama hakukitazama. Machozi yakamtoka.

"Maua," akasema.

"Maua gani?"

Penseli ilikuwa inamngoja.

"Yungiyungi," akabahatisha, maana kusema hajui kulimshinda, na Salumu akaanza kuchora.