Picha ya Bingwa Ukutani

Watu wa studio walimwita Bingwa, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alipiga picha za harusi na za vitambulisho mpaka akaota mvi, na alipostaafu akahamia kwenye picha za ndege wa kinamasi. Siku hizi mikono ilimtetemeka. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni, ila ole wake atakayethubutu kusema.

Binti yake ndiye aliyembebea mizigo. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake mwenyewe, tena kazi ya kamera alifundishwa na baba huyohuyo, lakini kwa wateja Bingwa hakuwahi kumtambulisha vingine: "Huyu ni wa kushika taa tu."

Asubuhi hiyo walijificha ndani ya kibanda cha matete, bega kwa bega, lenzi zao zikichungulia nje kwenye upenyo. Mbele yao, juu ya majani ya yungiyungi, alitembea yule ndege wa vidole virefu ambaye dume ndiye hulea vifaranga.

"Usipumue," baba alinong'ona.

"Sipumui, baba."

"Unapumua kama ng'ombe."

Mara kivuli cha kipanga kikapita juu ya maji. Dume akachutama, akafungua mbawa, na vifaranga wakakimbilia humo. Akainuka nao, vijiguu vyao vikining'inia kwapani mwake kama nyuzi, akatokomea kwenye matete. Kamera zote mbili zilikuwa zikilia muda wote huo.

Binti akatazama kioo cha kamera yake, moyo ukamwenda mbio. Kila unyoya ulionekana, hata tone la maji kwenye ukucha wa kifaranga. Miaka yote ya kushika taa hakuwahi kupata kitu kama kile.

Bingwa alikuwa ameshazitazama za kwake. "Hebu nione yako," akasema.

Akaipokea kamera kwa mikono miwili, akaikodolea macho. Kisha kidole gumba, kilichokuwa kikicheza tangu walipofika, kikatulia tuli. Kikabonyeza. Kamera ilipouliza kama ana uhakika, kikabonyeza tena.

"Loo, imefutika," akasema. "Vitufe vya siku hizi vidogo mno. Lakini usijali, hata mwanga haukuwa mzuri."

Binti akaichukua kamera yake. "Si neno, baba."

Chama cha wapiga picha kilikuwa kinaandaa maonyesho, na Bingwa hakujua kompyuta. "Nichagulie iliyo bora," alimwagiza binti, "ukaichapishe kubwa."

Katika picha za baba kulikuwa na moja iliyotoka vizuri: dume amechutama, jicho lake likiwaka. Binti aliiona, akaitazama sana, akaipita. Akachukua iliyotikisika kuliko zote, akaichapisha ukubwa wa mlango, na chini yake jina la Bingwa kwa herufi nene.

Siku ya maonyesho Bingwa aliingia amevaa koti lake la heshima, akawasalimia wenzake wa zamani, ndipo akainua macho ukutani.

"Bingwa," alisema fundi wa studio iliyokuwa ikishindana naye, "huu ndio mtindo mpya? Maana mimi naona shuka linaanuliwa."

Watu wakacheka. Kisha mmoja akaiona mikono yake, akamkonyeza mwenzake, na kicheko kikakatika. Wakaanza kumsemesha kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Akaletewa kiti. Bingwa akageuka kumtafuta binti yake, akamkuta amesimama kando, akimkazia macho yeye, wala si picha.

Ndani ya gari alilivua koti lake la heshima. Mwishowe akauliza, "Hapakuwa na nyingine?"

"Hiyo ndiyo ilikuwa afadhali, baba."

Akahangaika kufunga mkanda. Binti alimwangalia, wala hakumsaidia.

Tangu hapo Bingwa hakugusa kamera. Binti akawa anakwenda kinamasini peke yake. Siku moja baba alimfuata hadi mlangoni, viatu vya tope mkononi.

"Twende wote. Sipigi picha, nitakaa tu."

"Pale padogo, baba. Hatutaenea."

Kibanda kile Bingwa alikijenga mwenyewe, na alijua kinatosha watu watatu na mizigo yao. Akaitikia kwa kichwa, akaviweka viatu chini, akasubiri gari liondoke ndipo akafunga mlango.