Mbowa wa Kabuta

Mbowa ni samaki wa aibu. Nasema hivyo mimi niliyemla tangu sijaota magego. Ziwa zima la Mweru liko wazi mbele yake, juu kuna mwanga na chakula, naye analaza tumbo matopeni akipapasa konokono kwa sharubu. Mdomo umeinamia chini, macho madogo, rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Hata kukimbia hajui. Jike akishataga huenda zake, dume hubaki juu ya mayai. Kivuli cha mtumbwi kikipita samaki wote hutawanyika, yeye yupo tu, unaweza kumshika kwa mkono. Ila mkono wako utarudi na damu, maana ana miiba mabegani. Ndiyo akili yake yote.

Kwa hiyo siku Mwewa alipokuja kumposa mdogo wangu Chabu, nilimtazama mara moja nikamwita Mbowa. Haki hiyo nilikuwa nayo. Sisi ni ukoo wa Mamba, wao ni ukoo wa Samaki, na mtani akikutukana unacheka. Lakini mimi sikuwa natania. Enzi zile za Shirikisho, kabla ya uhuru, vijana walikwenda migodini wakarudi na gramafoni. Huyu alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo, akafunga mtumbwi wake hapa kijijini kwetu Kabuta, basi, amefika. Watu wananunua nyavu za nailoni, yeye anasokota pamba. Chabu alinicheka kila nilipomsema. Akamzalia binti, Beauty, mwenye paji lile lile la baba yake, maskini.

Mvua zilipoanza, homa ikamchukua Chabu.

Nikamwita mdogo wetu wa kiume, Jairos, aje tumzike, naye akaja kutoka migodi ya Mufulira na kofia ya kuazima na haraka zake. Alitaka kuwahi lori linaloondoka Nchelenge kesho yake. Kwetu, kabla ya kufukia kaburi, watani huruhusiwa kushuka ndani na kulala, haamki mtu mpaka ukoo wa marehemu umpe anachotaka: kuku, kikapu, chochote. Watu wa ukoo wa Samaki walikuwa wamesimama pale wakingoja. Jairos akasema hana muda wa mambo ya kishamba. Akashika jembe mwenyewe, akafukia.

Kesho yake akatangaza kwamba anaondoka na Beauty. Mtoto ni wa ukoo wa mama, hilo halina ubishi. Ila mimi nilijua mke wake amejifungua na anatafuta mlezi wa bure. Nikanyamaza. Niliona afadhali Mufulira kuliko matope.

Tukashuka ziwani, maana Nchelenge tunakwenda kwa mtumbwi. Jairos akatupa kifurushi cha mtoto ndani ya mtumbwi. Beauty hakulia, alikuwa ameng'ang'ania kitenge cha mama yake. Mwewa akatupita, akaingia mtumbwini, akalala kifudifudi katika maji na matope ya chini, mikono imeshika kingo.

"Shemeki, amuka!" Jairos akapiga kelele. "Unafanya nini mu bwato?"

"Minalala," Mwewa akajibu, mdomo majini. "Kule ku kaburi hamukutuacha tulale. Mi ni mutani wenu. Munipe kitu yangu."

"Unataka nini? Kuku?"

"Mutoto."

Wavuvi waliokuwa ufukweni waliacha nyavu zao. Jairos akamvuta mguu, akamvuta shati, shati likachanika. Mwewa hakusogea. Kiwiko chake kikampata Jairos puani, na kofia ya Mufulira ikaelea.

"Yaya, dada yangu, mwambie!" Jairos akanililia, ameziba pua. "Mutoto ni wetu!"

Mimi ndiye mkubwa wa nyumba yetu. Mtani aliyelala hujibiwa na mkubwa. Nilimtazama yule mwanamume, mgongo wazi, tumbo topeni, na nikamchukia Jairos kwa moyo wangu wote. Chabu hakuwa mjinga. Mjinga nilikuwa nimemleta mwenyewe, amevaa kofia.

"Mutoto ni wetu," nikasema. "Na mutani analala. Ukoo wake utabaki Mamba, nyumba yake itabaki kwa huyu. Jairos, lori itakuacha."

Mwewa hakuamka. Hakuniamini, na alikuwa na sababu. Ikabidi nimbebe Beauty mimi mwenyewe, nimweke juu ya mgongo wake. Hapo tu ndipo alipoachia kingo.

Aliinuka na matope kuanzia paji hadi kitovuni, matone yakimtoka ndevuni. Sijaona mtu mbaya wa sura kama yule. Nilikuwa nalia, sikujali nani ananiona. Beauty akakunja kitenge cha mama yake, akaanza kumfuta.

"Muache vile," nikamwambia. "Ni rangi yake."